Boksi la miguu 32, na mie natumia mitatu

Boksi lenyewe lipo juu ya kabati mpaka leo, la plastiki, kila mguu na kichumba chake, miguu 32 ya cherehani. Niliagiza kwenye duka moja la mtandaoni nikalisubiri wiki kwa wiki kama mtu anaesubiri mahujaji, na lilipofika nikamwita wifi yangu aje aone, tukakaa chini tunaitoa mmoja mmoja tunaulizana huu wa nini, na huu je. Miaka miwili inapita sasa. Katika hiyo 32, iliyowahi kufungwa kwenye cherehani yangu haizidi sita, na kwenye kazi ya mifarishi natumia mitatu tu, tena mmoja katika hiyo mitatu haumo hata humo kwenye boksi, nimeununua peke yake baadae.

Naandika haya kwa sababu wiki hii watu wawili wameniuliza wanunue miguu gani, na wote washaliona boksi kama langu na pesa ishatoka mkobani. Ngojeni kwanza jamani.

Mguu nnaosema mie ni kile kichuma kinachokaa chini ya sindano kikakandamiza kitambaa, wengine wanasema kiguu, sawa tu. Na mfarishi kwetu si kitu kigeni, bibi yangu kashona mingi, kanga kuukuu zinapangwa tabaka kwa tabaka zinashonwa kwa mkono, mtoto akizaliwa anatandikiwa. Huu wa viraka nnaoshona mie tofauti yake ni kuwa uso unaungwa kwa vipande vidogo vidogo vingi, katikati unatia pamba, chini bitana, halafu tabaka zote tatu zinashonwa pamoja. Na nani anataka mfarishi na joto hili la Unguja? Subiri kipupwe cha mwezi wa saba alfajiri halafu uniulize tena. Na wenye AC ndo kabisa.

Sasa mie nimeanza kwa cherehani ya bibi, Singer ya kukanyaga, maandishi yake ya dhahabu yashaanza kufutika, iko Jang'ombe mpaka leo na inafanya kazi. Ndiyo iliyotushonea nguo za Maulidi mwaka 2010 wakati Unguja yote iko gizani, mnaikumbuka miezi ile mitatu toka Desemba 2009 mpaka Machi, umeme wa kutoka bara umekatika, watu wenye cherehani za umeme wamekaa barazani wanapiga soga, bibi yeye anakanyaga tu na chemli pembeni. Ina droo ubavuni, na ndani ya droo ya chini mna kopo la biskuti, na ndani ya kopo ndo mna miguu, wa kukunja pindo, wa kutia marinda, wa zipu ule mwembamba wa upande mmoja. Bibi hajui jina la hata mmoja. Akitaka wa zipu ananyoosha mkono tu, "mjukuu wangu nipe kile chembamba."

Mie nikajiona mjanja, nikanunua cherehani ya umeme ya mtumba, inapiga zigzaga, ule mshono wa kwenda kushoto na kulia, nikaanza mfarishi wangu wa kwanza. Viraka 81, tisa kwa tisa, kila kiraka nimekata inchi 5 kwa 5 kutoka kwenye kanga na vitenge vilivyobaki na vingine nimenunua Mchangani. Hesabu nyepesi, kila mshono unakula robo inchi kila upande, kwa hiyo safu moja ikishaungwa itoke inchi 41. Safu ya kwanza imetoka 40. Ya pili 40 na nusu. Ya tatu nilikuwa naongea na simu huku nashona, hata sisemi imetoka ngapi. Nikazilaza pamoja, pembe za viraka hazikutani, zimekwenda kombo kama meno ya mtoto anaeota.

Nikafikiri nimekata vibaya, nikapima tena viraka vilivyobaki, sawasawa. Kumbe nilikuwa nafuatisha ukingo wa mguu wa kawaida, naulinganisha na ukingo wa kitambaa, nikaamini hiyo ndiyo robo. Nikachukua rula, kwenye cherehani yangu toka sindano mpaka ukingo ule ni kama milimita 8, na robo inchi ni milimita 6 na kidogo. Unaona ni milimita moja na nusu tu, si kitu. Lakini kila mshono unakula kwa kitambaa cha huku na cha kule, kwa hiyo tatu, na safu ya viraka tisa ina mishono minane, tatu mara nane 24, hapo inchi nzima karibu ishaliwa na wewe umekaa tu. Gauni lingekuwa ushalivaa na hakuna aliejua. Mfarishi haukubali.

Kwa hiyo mguu wa kwanza wa kutafuta ni wa robo inchi. Ni mwembamba, ukingo wake wa kulia uko robo kamili toka sindano, na mzuri zaidi una vialama ubavuni, mbele na nyuma ya sindano, vinavyokuonyesha robo kabla hujafika mwisho ili ujue pa kusimama au kugeuza. Iko ya aina mbili, mmoja una kijiukuta cha chuma ubavuni kitambaa kinagonga hapo, mwengine hauna. Watu wengi wanausifia wenye ukuta. Mie siutaki, ukipita penye mshono mwengine pakawa panene ule ukuta unakisukuma kitambaa pembeni, na pini ukisahau kuitoa inagonga hapo hapo. Kwa vipande virefu vilivyonyooka ni mzuri, sikatai.

Ukishaufunga usiuamini kwa macho. Kata vipande vitatu vya upana wa inchi moja na nusu, viunge vitatu pamoja, piga pasi, halafu pima cha katikati, kiwe inchi moja kamili. Kikipungua basi mshono wako mpana, kama cherehani yako inakubali kuhamisha sindano isogeze kulia kidogo tu, jaribu tena. Mie imenichukua mara nne, na nilipopata nikaandika namba kwenye karatasi nikaibandika kwenye cherehani yenyewe, mana kesho ntasahau.

Na hapa nitoe siri yangu. Mguu wa robo una tundu moja dogo la sindano, mnyoofu tu. Siku moja nimetoka kuziba ukingo wa dera la wifi kwa zigzaga, nikabadilisha mguu nikatia wa robo, nikasahau kurudisha kitufe kwenye mshono ulonyooka. Nikakanyaga. Sindano ikenda kushoto ikapiga chuma, pa! Kipande kikaruka kikanipita hapa kwenye shavu. Nilikaa dakika tano nzima sisemi kitu. Toka siku hiyo nikibadilisha mguu wowote nazungusha gurudumu kwa mkono kwanza, mzunguko mmoja, naiangalia sindano inashuka wapi na inapanda wapi, ndo nakanyaga.

Kama huna mguu huo na huna pesa, wallahi hulazimiki. Weka rula chini ya sindano, teremsha sindano taratibu kwa mkono mpaka iguse mstari wa robo, halafu pale ilipoishia rula bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, ndefu ije mpaka mbele, ila usizibe meno, yale ya chini yanayovuta kitambaa. Hiyo tepu ndo ukuta wako. Viraka vyangu vingi vizuri nimeviunga kwenye cherehani ya bibi kwa tepu tu, na tena inaunga vizuri kuliko ya umeme, sababu cherehani isiyopiga zigzaga tundu la bamba, kile chuma bapa cha chini ya sindano, ni dogo la duara, kona ya kiraka haimezwi. Ile yangu ya umeme tundu pana, ukianza na kona inainyonya chini inatafuna. Dawa yake ni kuanzia kwenye kitambaa kibovu kidogo halafu ndo unafuatisha kiraka.

Sasa habari ya boksi. Nilipoona mambo magumu nikalibeba mpaka kwa fundi mmoja mtu mzima, ana kibanda chake upande wa Mlandege, anashona na kutengeneza cherehani, kashona kabla mie sijazaliwa.

"Shikamoo babu."

"Marhaba mwanangu. Umeniletea vipuli leo?"

Mana boksi lenyewe kweli lilikuwa linang'aa kama la muuza vipuli. Akachukua mguu mmoja akaupeleka kwenye cherehani yake, ile nzito ya kiwandani, akauegesha pale penye skrubu, haufiki. Akacheka. Akaniambia mwanangu cherehani zina shingo fupi na zina shingo ndefu, kabla hujatoa pesa pima shingo. Unashusha mguu, unapima toka chini kwenye bamba mpaka katikati ya skrubu inayoufunga mguu. Ikiwa chini ya sentimita 2 hiyo fupi, cherehani nyingi za nyumbani ziko hivyo, Singer za zamani kama ya bibi na Butterfly za kukanyaga zimo humo. Ikiwa kama sentimita 2 na nusu au zaidi hiyo ndefu, za kiwandani. Na ziko Singer nyengine za zamani shingo yake imelala mshazari, hizo zina miguu yake peke yake, usihangaike na mengine. Nikamwambia nashonea na ya bibi pia. Akaniuliza swali moja, hio ya bibi yako inapiga zigzaga? Haipigi. Basi akaanza kunitengea, huu wa vifungo unataka zigzaga, huu wa kuziba ukingo zigzaga, huu wa shanga zigzaga, huu wa pindo la kuficha zigzaga, anaitoa anaiweka upande wa pili mpaka upande ule ukajaa. Nilitamani kulia. Kwa cherehani ya bibi ilikuwa nimenunua kama miguu saba na 25 ya kuchezea watoto.

Nilipomwambia ni kwa mfarishi akasema huu hapa, huu hapa, na mmoja humu haumo. Huo usiokuwemo ndo ulionifanya niache kuchukia kushona tabaka.

Mnajua shida yake wenyewe mlioshona. Cherehani inakivuta kitambaa kwa meno ya chini. Bitana inashikwa na meno inakwenda, uso wa juu unaburuzwa na chuma cha mguu unabaki nyuma, na katikati pamba nene inabonyea. Unashona mstari kutoka upande huu mpaka ule, ukifika mwisho bitana ishaisha na uso umebakia na ziada, ile ziada inajikunja inakuwa rinda. Mfarishi wangu wa kwanza una marinda kila mstari, ukiulaza kitandani unauona kama bahari ya kusi. Nilipiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikilia tu, nikatia pini za kufunga kila baada ya kiganja, ikasaidia, haikumaliza. Nililegeza skrubu ya juu inayokaza mkandamizo wa mguu, ikasaidia tena kidogo. Na kama huna uwezo wa kununua kitu fanya hayo mawili yote pamoja, bandi ya karibu karibu na mkandamizo mwepesi, utatoka na mfarishi wa kuonyesha watu.

Ila mguu wa kutembea ni kitu chengine. Ni mkubwa, mbaya wa sura, kama mdudu kakaa kwenye sindano. Chini una meno yake wenyewe, na ubavuni una mkono unaokaa juu ya skrubu inayoshika sindano. Sindano ikipanda na kushuka inaunyanyua ule mkono na kuushusha, na yale meno ya juu yanakishika kitambaa yanakwenda pamoja na ya chini, kwa hiyo uso na bitana vinafika pamoja kama watu wawili wameshikana mikono. Basi. Mara ya kwanza nimeshona mstari wa mita moja na nusu nikageuza nyuma kuangalia bitana, hakuna hata kunyanzi moja, nikamwita mume wangu aje aone, akaangalia akasema "mbona mstari tu?"

Siku ya pili marinda yakarudi. Jioni nzima nafumua. Nikasema mguu mbovu, nimetapeliwa, mpaka nikawa natafuta risiti. Kumbe nilipoufunga nimeuacha ule mkono umekaa chini ya skrubu ya sindano badala ya juu yake. Hautembei, umekufa, unaburuza tu kama mguu wa kawaida tena mbaya zaidi. Kwa hiyo ukiufunga angalia mkono kwanza. Meno ya chini yaache juu, usiyashushe. Refusha mshono kidogo, mie naweka milimita 3, na nenda pole pole, huu mguu haupendi mbio wala haupendi kurudi nyuma, na kugeuka geuka kwa duara hauwezi, ni wa mistari.

Na uko mguu wenye kijichuma katikati kama kisu butu, unapita ndani ya mshono wa viraka ili uzi usionekane. Mzuri, nimeutumia mara mbili. Ukiwa na jicho huna haja nao.

Wa tatu ni wa kuruka, na huu umo kwenye boksi, una springi na mguu wake wa mbele ni kijiduara. Huu kazi yake ni mapambo, maua, mawimbi, herufi. Unashusha meno ya cherehani, na kama hayashuki unabandika kadi gumu lenye tundu juu yake, urefu wa mshono unaweka sifuri, na kuanzia hapo cherehani haivuti tena, mikono yako ndo inasogeza kitambaa kokote unakotaka na mguu unaruka juu chini na sindano. Nilidhani ni uvumbuzi wa watu wa nje mpaka nikakumbuka mafundi wa darizi wa hapa hapa, wanautoa mguu kabisa, wanabana kitambaa kwenye duara la mbao, na wanaandika kwa sindano kama unavyoandika wewe kwa kalamu. Mie bila mguu nachoma vidole. Nimekaa na mguu wa kuruka.

Nilichokuwa nakitaka ni jina la kanga. Nilikata kanga moja, nikachukua ule ukanda wenye maandishi, HARAKA HARAKA HAINA BARAKA, nikauweka katikati ya mfarishi nikataka kuzungusha mshono kila herufi ili zivimbe. Bibi alipoona nimeikata kanga karibu anifukuze. "Unaikata kanga penye jina? Sasa anaebaki na ule upande mwengine atajifunga kanga isiyosema kitu?" Nikamwambia bibi ni kanga moja tu katika doti, mwenzake upo mzima. Hakunijibu. Lakini jioni nilipokuwa nazungusha herufi ya pili nilimuona kavuta kiti kaja kukaa.

Herufi ya kwanza ilikuwa aibu. Chini kumejaa mafundo ya uzi, kama kiota cha ndege. Nikakaza uzi wa juu, mafundo. Nikabadilisha sindano, mafundo. Ilikuwa sijashusha wenzo wa mguu, ule wa nyuma wa kuunyanyulia na kuushushia. Na huu mguu ndo ubaya wake, hata ukiushusha haukai chini ukatulia kama mingine, unaelea, kwa hiyo kwa macho hujui uko juu au uko chini, na wenzo ukiwa juu uzi wa juu haushikwi na kitu, unamwagika wote chini. Sasa nina desturi, nashusha halafu nagusa kwa kidole nyuma ya cherehani, nahakikisha wenzo uko chini.

Na mikono. Ukisogeza haraka na cherehani inakwenda taratibu mishono inakuwa mirefu kama ya bandi, ukisogeza taratibu na cherehani inakimbia inakuwa vinukta vimerundikana. Nimevaa glavu za bustani, zile zenye vidoto vya mpira, kitambaa kinashikika huchoki mabega. Kwenye cherehani ya kukanyaga nimejaribu pia, inawezekana mana mikono yote iko huru, ila ukiusahau mwendo wa miguu gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Ya kuzungusha kwa mkono usijaribu, mkono mmoja hautoshi kuendesha mfarishi.

Herufi zile za HARAKA HARAKA zimenichukua siku nne.

Kwa hiyo walioniuliza, pima shingo, halafu nunua wa kutembea kwanza kama pesa inatosha mmoja tu, robo utafanya kwa tepu. Wa kuruka ngojea mpaka umalize mfarishi mmoja wa mistari. Ikiwa cherehani yako ni ya kiwandani mwambie muuzaji kabla, usitume picha ya mguu peke yake, tuma picha ya shingo na rula pembeni.

Kitu kimoja tena, hewa yetu hii ya chumvi. Springi ya mguu wa kuruka na zile za ndani ya mguu wa kutembea zinashika kutu upesi ukiiacha mezani. Mie naifuta kwa kitambaa chenye tone moja la mafuta ya cherehani naitia kwenye kopo na kile kipakiti cha chumvi chumvi kinachokuja kwenye viatu vipya. Usitie mafuta ya nazi, nimeshafanya, yameganda ndani mguu ukawa hautembei wiki nzima.

Miguu mingine nimeanza kuigawa. Wa vifungo kachukua wifi, wa shanga kachukua mtoto wa jirani sijui anaufanyia nini. Ile mitatu ya kukunja pindo nimempelekea bibi, kaiangalia kaigeuza geuza, kafungua lile kopo la biskuti katoa wake, kaweka pembeni ya yangu. Ni ule ule.